Sola juu ya bati, kodi ya jengo kwenye LUKU: hesabu za nyumba za Arusha na Moshi

Kila paneli zinapopandishwa juu ya paa, iwe Njiro au Soweto ya Moshi, mwenye nyumba huuliza: je, kodi ya jengo itapanda? Haipandi. Weka paneli nne au ishirini, kodi ni ileile. Shida ni kwamba wengi wakishapata jibu hilo wanafunga mjadala, na hapo ndipo wanapoanza kupoteza hela. Sola haibadilishi kiwango cha kodi, lakini inabadilisha jinsi kodi hiyo inavyokatwa na jinsi inavyouma. Na kuna makosa kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, yanayokula pesa kuliko kodi yenyewe.

Kodi ya majengo kwetu inahesabu majengo na sakafu, haiangalii jengo lina thamani gani. Tangu 1 Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na ghorofa ya mjini inalipa 90,000 kwa kila sakafu. Ukigawa kwa miezi unapata 1,500 na 7,500, na hizo ndizo zinazokatwa unaponunua umeme. Utaratibu wa kukata kwenye LUKU ulipoanza Julai 2021 zilikuwa 1,000 na 5,000. Kwa hiyo nyumba ya vyumba vitatu Moshono yenye bati la msauzi na jumba la vigae Sakina lenye mtambo wa sola wa mamilioni wanalipa sawasawa, mradi yote mawili ni ya chini.

Ghorofa moja, yaani chini na juu, ni sakafu mbili: 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Hapa sola inaweza kukuletea kodi kwa mlango wa nyuma. Mtu anamwaga zege juu ili apate sehemu tambarare ya kuweka paneli, baadaye anapandisha kuta mbili kukinga betri na mvua, anaezeka, na mwaka unaofuata kijana amehamia humo. Kilichoongeza kodi si paneli, ni sakafu. Kama lengo ni kubaki kwenye 18,000, paneli zikae juu ya bati, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) na betri zikae chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana. Betri ya lithiamu haihitaji chumba cha peke yake, inahitaji hewa na kivuli.

Wanaoangalia video za mafundi wa Marekani wanachanganyikiwa kwa sababu kule hesabu ni nyingine kabisa. Kodi ya mali ya kule inatozwa na mamlaka za mitaa kwa asilimia ya thamani ya nyumba, kwa hiyo paneli zikipandisha thamani, kodi nayo ingepanda. Ndiyo maana majimbo kadhaa yametunga misamaha. California wananchi walipiga kura mwaka 1980 kuruhusu mtambo wa sola usihesabiwe kama ujenzi mpya, na Texas thamani inayoongezwa na sola inaondolewa kwenye hesabu. Wenzetu wa Nairobi nao kwa miaka mingi wametozwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, hivyo paneli haziwahusu. Sisi hatuhitaji msamaha wa sola kwenye kodi ya jengo, kwa kuwa hakuna kodi ya kusamehewa. Ukikutana na mtu anayekuuzia fomu ya msamaha huo, mpungie mkono.

Sasa tuje kwenye LUKU, ambako ndiko kwenye mambo.

Chukua ujumbe wa simu unaokuja ukinunua umeme. Mteja wa kundi la T1, ambalo ndilo la nyumba nyingi za mjini, bei ya uniti ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Jumla inafika shilingi 356 na senti kwa uniti. Ukinunua wa 10,000 bila makato, umeme wenyewe ni 8,196.72, VAT 1,475.41, REA 245.90, EWURA 81.97, na unapata uniti 28. Ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi, 1,500 inatoka kwanza, inabaki 8,500, unapata uniti 23.9. Kwenye ujumbe makato hayo yanajitokeza kwenye mstari wa deni, ndiyo maana kuna watu wanalalamika kuwa wanadaiwa na TANESCO, shirika la umeme, wakati hawajawahi kudaiwa. Manunuzi ya pili ya mwezi huohuo hayakatwi.

Tuseme nyumba ilikuwa inakula uniti 150 kwa mwezi. Hiyo ni kama 53,400 za umeme, ukijumlisha kodi 54,900. Kodi ni chini ya asilimia 3 ya hela unayotoa, huioni. Ukafunga paneli nne za wati 550, ambazo jumla ni kilowati 2.2. Kwa anga letu ni busara kukadiria uniti 3.5 kwa siku kwa kila kilowati ya paneli kwenye miezi ya mawingu na 4.5 kwenye miezi ya jua. Mtu wa Arusha anajua Juni hadi Agosti asubuhi zilivyo: wingu limelala mpaka saa tano, na Meru huuoni. Kwa hesabu ya chini unapata uniti 7.7 kwa siku kabla ya hasara za inveta na betri. Ukiwa na betri ya volti 25.6, saa za ampea 200, ambayo inabeba takribani uniti 5, manunuzi ya TANESCO yanaweza kushuka hadi uniti 50 kwa mwezi. Sasa unalipa 17,800 za umeme na 1,500 ya kodi. Kodi imefika karibu asilimia 8. Haijaongezeka hata senti, ila umeme umepungua na yenyewe imebaki pale pale, sasa inaonekana. Kama wewe ni fundi, mpigie mteja hesabu hii kabla hajalipa, maana fundi anayemwambia "bili itaisha" anamdanganya kwa 18,000 kila mwaka.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: wamefunga sola, hawanunui umeme kabisa, wanadhani kodi imekufa. Haifi. Inajikusanya kwenye mita. Hii inaonekana sana kwenye nyumba za migombani, Machame, Kibosho, Marangu, ambako watoto wa mjini wamewafungia wazazi sola ya taa, televisheni na friji dogo, na LUKU inakumbukwa Desemba ukoo wote unaporudi. Kama mara ya mwisho kununua ilikuwa Januari, Februari hadi Desemba ni miezi 11, deni ni 16,500. Mtu anatuma 20,000 usiku wa mkesha ili mashine ya kusaga nyama na majagi ya umeme yafanye kazi, anapata umeme wa 3,500. Kwa T1 hiyo ni uniti 9.8. Angetegemea 56. Nyumba imejaa watu, na mtandao wa LUKU nao siku hizo huwa na mambo yake.

Dawa ni kununua kidogo kila mwezi hata kama huhitaji. Nunua wa 5,000, ingiza tokeni, uniti zinakaa kwenye mita zikikusubiri siku mawingu yakikaza au betri ikigoma. Mwenye kumnunulia mzazi kwa simu akiwa Dar aweke ukumbusho wa tarehe moja kila mwezi, na amtumie mtu wa nyumbani tokeni iingizwe siku hiyohiyo, si kurundika tokeni kwenye simu.

Na kwa mzazi, angalia msamaha kwanza. Nyumba moja ya makazi ya mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, au ya mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, inaweza kusamehewa, ila msamaha hauji wenyewe, unaombwa. Kinachokwamisha maombi mengi ni jina: mita imeandikwa kwa jina la mtoto aliyelipia kuvuta umeme, kiwanja ni cha baba. Sawazisha jina kwanza, ndipo uende na kitambulisho cha taifa, namba ya mita na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayosema mzee anaishi humo. Nyumba za tope na za kuezekwa kwa nyasi nazo hazimo kwenye kodi hii, hata zikiwa na paneli mlangoni.

Kosa jingine ni mita nyingi. Nyumba ya kupangisha Majengo ya Moshi au Kijenge, jengo moja la chini, vyumba vimegawanywa, mita nne. Kodi ni ya jengo, na jengo ni moja, lakini makato yanapita kwenye mita. Zote nne zikikatwa ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Ukifunga sola na kuomba mita mpya kwa ajili ya pampu ya kisima au banda la kuku lililo kwenye uwanja huohuo, jiandae kwa makato mengine juu yake mpaka utakapopeleka taarifa kwamba mita hiyo haina jengo lake. Karani wa dirisha la TANESCO hawezi kukufutia kodi, yeye ni mkusanyaji. Shughuli inaanzia TRA au idara ya mapato ya halmashauri. Beba orodha ya namba za mita zote, picha ya jengo kwa nje inayoonyesha ni jengo moja, hati au mkataba wa mauziano, na jumbe za LUKU za miezi mitatu zinazoonyesha kila mita imekatwa. Sema wazi ni mita ipi unataka ibaki na kodi. Chagua ile unayoitumia wewe mwenyewe, si ya mpangaji anayehama kila baada ya miezi sita na kuacha deni.

Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kodi hii kwenye LUKU kwa mwaka mzima ametoa 18,000 ambazo zinapaswa kupunguzwa kwenye kodi ya pango, au mkataba useme vinginevyo kwa maandishi. Wenye nyumba wanaofunga sola na kuwagawia wapangaji umeme wa ndani kwa mita ndogo waangalie hapa: mpangaji akiacha kununua LUKU kwa kuwa anatumia sola yako, deni la jengo linalala kwenye mita yake, na atakayekuja baada yake ndiye atakayelipokea.

Hadi hapa tumekuwa tukipigania 1,500. Kuna hela kubwa zaidi kwenye ujumbe uleule wa LUKU, na watu wa sola wanaipita: kundi la mteja.

D1 ni kundi la matumizi madogo ya nyumbani. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni 350. Ukiweka tozo, uniti ya 100 inakuwa 122. Zile uniti 50 za nyumba yetu yenye sola kwa D1 ni 6,100, kwa T1 ni 17,800. Tofauti ni 11,700 kwa mwezi, zaidi ya 140,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu mara nane ya kodi ya jengo. Nyumba iliyokuwa T1 kihalali kwa uniti 150, baada ya sola ina matumizi ya D1, lakini mita haijui kama umefunga sola. Kaa miezi kadhaa manunuzi yakiwa chini ya 75, kisha andika barua TANESCO kuomba kupangwa upya. Wao ndio wanaoamua, na hawajifungi kukukubalia, hasa mjini. Usinunue uniti nyingi kwa mkupuo "ziwepo": LUKU inahesabu ulichonunua ndani ya mwezi, si ulichotumia. Ukinunua uniti 120 Machi na sifuri Aprili, kwenye kumbukumbu umevuka 75.

Na ukivuka siku za mawingu? Uniti 100 kwa D1 ni 7,500 kwa zile 75, na 8,750 kwa 25 zilizozidi, ukiweka tozo 19,825. Kwa T1 uniti 100 ni 35,600. D1 inaacha kuwa na nafuu ukifika kama uniti 323, na ndiyo sababu TANESCO hawamwachi humo anayevuka vuka. Basi ombi lako lisitegemee jua la Februari. Litegemee Julai.

Kinachovunja hesabu ya Julai kwa kawaida si taa wala friji, ni shawa ya umeme. Inavuta kilowati 4 au 5 papo hapo, inveta ya kilowati 3 inazima au inahamia TANESCO. Iweke kwenye laini yake moja kwa moja kutoka mita, na kwa nyumba yenye watu watano fikiria tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa. Hilo nalo halina kodi.

Sasa kosa linalouma kuliko yote, kwa sababu anayekosea ni fundi na anayelipa ni wewe. Mita nyingi za LUKU hazijatengenezwa kupokea umeme unaorudi. Ukiwa na inveta inayoweza kusukuma umeme kwenye laini ya TANESCO, saa sita mchana nyumba haina mtu, betri imejaa, paneli zinatoa kilowati 1.5 na hakuna pa kuupeleka, umeme ule unatoka nje kupitia mita. Mita haikushukuru. Ama inauhesabu kama umeme uliotumia, ama inajifunga kwa kudhani imechezewa. Unapigiwa simu kazini: LUKU imeisha, na jana tu uliweka uniti 20.

Jinsi ya kuhakikisha: siku ya jua kali, kati ya saa sita na saa nane, zima kila kitu isipokuwa inveta. Soma uniti kwenye mita. Angalia kile kitaa chekundu kinachopepesa. Kikipepesa haraka wakati nyumba imezimwa, kuna umeme unapita. Subiri dakika 20, soma tena. Kisha zima swichi ya paneli, ile ya upande wa umeme wa DC unaotoka kwenye paneli, na urudie. Taa ikitulia baada ya kuzima paneli, umeme ulikuwa unatoka kwako kwenda nje. Ikiendelea kupepesa na paneli zimezimwa, tatizo ni waya unaovuja au inveta inachaji betri kwa TANESCO, hilo ni jambo lingine.

Chanzo mara nyingi ni kile kibanio cha kupima mkondo kinachofungwa kwenye waya wa moto karibu na mita. Kina mshale. Kikifungwa kinyume, inveta inasoma umeme unaotoka kama unaoingia, na inazidi kusukuma ili kuuzuia. Wakati mwingine mshale uko sawa lakini kimebana waya wa nyutro, au nyumba ina fezi tatu na kibanio kimewekwa kwenye fezi moja tu. Fuata mshale kama kitabu cha inveta yako kinavyoelekeza, maana watengenezaji hawafanani, kisha washa kipengele cha kuzuia umeme kutoka nje kwenye menyu. Kwa nyumba ya kawaida yenye LUKU ushauri ni rahisi zaidi: nunua inveta ya aina isiyoweza kusukuma umeme nje kabisa, inayopokea TANESCO kama akiba tu. Unapoteza kiasi cha umeme wa mchana betri ikijaa, lakini hulipii umeme uliouzalisha mwenyewe. Kuunganisha inveta inayosukuma bila makubaliano na TANESCO ni hatari pia kwa fundi wao aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Kodi ya pango la ardhi msiichanganye na hii. Ile ni ya kiwanja, inafuata ukubwa na matumizi ya ardhi, inalipwa kwa namba ya malipo kila mwaka wa fedha unaoanza Julai. Paneli haziihusu. Nyumba isiyo na mita ya TANESCO kabisa, inayojitegemea kwa sola, nayo haijatoka kwenye kodi ya jengo. Inachokosa ni mita ya kukatwa, kwa hiyo mwenyewe unaomba namba ya malipo na kulipa 18,000 kwa mkupuo. Usikate umeme wa TANESCO kwa ajili ya kukwepa 1,500: gharama ya kuurudisha baadaye inameza kodi ya miaka mingi.

Kuna wanaouliza itakuwaje siku serikali ikirudi kwenye uthamini, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya nyumba kabla ya viwango vya kufanana. Uthamini unaangalia bei ya soko ya jengo, au gharama ya kulijenga upya ukitoa uchakavu, na hapo kilichoshikamana na jengo kinaweza kuleta ubishi. Kinachokusaidia ni karatasi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya sola iwe peke yake, isichanganywe na bati, saruji na rangi kwenye ankara moja ya ujenzi. Ioneshe idadi na wati za paneli, inveta, betri na tarehe. Paneli zifungwe kwa reli na skrubu zenye mpira zinazoingia kwenye papi, zile mbao zinazoshika bati, si kujengewa kwenye zege. Skrubu ikikosa papi na kushika bati peke yake itavuja masika ya kwanza, na paneli ya wati 550 ina uzito wa kilo 28 hivi, ukizidisha kwa nne umepandisha zaidi ya kilo 110 kwenye kenchi.

Karatasi hizohizo zinakuokoa ukiuza nyumba. Mnunuzi wa Shanty Town akiona paneli juu ya paa anaamini amezinunua. Kama unaondoka nazo, mkataba useme hivyo, useme pia nani ataziba matundu ya bati. Kama zinabaki, andika idadi, namba za inveta na betri, na uniti zilizopo kwenye mita siku ya kukabidhi. Kabla ya kusaini, nunua umeme wa 5,000 kwenye kila mita ya nyumba hiyo mbele ya mnunuzi. Mstari wa deni ukisoma zaidi ya 1,500 kwa nyumba ya chini, mnajua hapohapo nani alipe tofauti.